Kupima ESBL na karbapenemasi kwa diski: mwongozo wa benchini

Kila kundi jipya la vijana wa mafunzo kwa vitendo likiingia maabara hapa Tanga, wiki haiishi sijaulizwa maswali yale yale. Diski, yaani vile vidonge vya karatasi vyenye dawa, zikae umbali gani? Mbona zoni yangu, lile duara tupu lisiloota vimelea kuzunguka diski, ni ndogo kuliko ya mwenzangu? Zile 5 mm zinahesabiwa kutoka wapi? Na nikishapata chanya, daktari namwandikia nini? Nimechoka kuchora sahani nyuma ya karatasi za maombi ya vipimo, kwa hiyo nimekaa nikaandika. Soma chote mara moja kabla hujashika diski.

Nadharia kidogo tu. Penisilini, sefalosporini na ndugu zao zina pete ndogo ya kemikali iitwayo beta-laktamu. Bakteria sugu hutoa kimeng'enya kinachoikata pete hiyo, na dawa ikabaki jina. ESBL ni kundi la vimeng'enya vinavyokata hadi seftriaksoni, ile sindano inayodungwa sana wodini. Asidi ya klavulaniki ni chambo: kimeng'enya kinaing'ata, kinanasa, dawa yenyewe inapita. Kwa hiyo tunaweka dawa peke yake, tunaweka dawa pamoja na chambo, tunapima tofauti. Karbapenemasi ndizo zinazokata meropenemu, na hizo kwa klavulaniki hazinasiki, ndiyo maana zina kipimo chao huko chini.

Kipimo hiki cha ESBL kimetengenezwa kwa ajili ya Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae, Klebsiella oxytoca na Proteus mirabilis. Usikifanye kwa Pseudomonas wala Enterobacter halafu uje kuniuliza mbona majibu hayaeleweki.

Andaa hivi kwanza

- Vimelea vichanga vya usiku mmoja, saa 18 hadi 24, vilivyooteshwa safi kwenye agari (jeli ya kuoteshea) isiyo na dawa. Vilivyokaa jokofuni siku nne havifai. Otesha upya.
- Sahani za agari ya Mueller-Hinton zenye kina cha 4 mm. Kwa sahani ya 100 mm hiyo ni kama ml 25 hadi 30 za agari.
- Salaini tasa, mirija, swabu tasa na kipimio cha ukungu cha McFarland 0.5.
- Diski nne: sefotaksimu 30 µg (CTX), sefotaksimu na klavulaniki 30/10 µg, seftazidimu 30 µg (CAZ), seftazidimu na klavulaniki 30/10 µg.
- Kontroli mbili, yaani vimelea ambavyo jibu lake tunalijua tayari (ATCC ni benki ya vimelea ya Marekani): K. pneumoniae ATCC 700603, ambayo ina ESBL, na E. coli ATCC 25922, ambayo haina.
- Koleo ndogo, rula au kalipa, kitambaa au karatasi nyeusi, inkubeta ya 35 °C.

Soma namba iliyochapwa juu ya diski, usisome herufi tu. Mwongozo wa CLSI wa Marekani unatumia CTX ya 30 µg na CAZ ya 30 µg. EUCAST ya Ulaya, kwa usomaji wake wa kawaida wa zoni, hutumia CTX ya 5 µg na CAZ ya 10 µg. Maboksi hufanana, na msaada wa vitendanishi huja kutoka pande zote mbili za bahari. Nimeona zoni ya diski ya 5 ikisomwa kwa jedwali la 30, na mgonjwa akaandikiwa usugu ambao hakuwa nao. Chagua jedwali moja, lining'inize ukutani, diski zako zilifuate. Mwongozo huu unafuata CLSI.

McFarland 0.5 ikikuishia, unaitengeneza mwenyewe: ml 0.5 za bari kloridi ya 0.048 M ndani ya ml 99.5 za asidi ya salfuriki ya 0.18 M. Gawa kwenye mirija inayolingana na ile ya kazi, ziba vizuri, weka gizani. Ukiwa na spektrofotomita, usomaji wa 625 nm uwe kati ya 0.08 na 0.13. Tikisa kila unapoitumia, kwa sababu ile chaki huzama chini na ukasawazisha vimelea vyako na maji matupu.

Nani anastahili kupimwa

Kwenye kipimo cha kawaida cha dawa, zoni za kukutilia shaka ni hizi: CTX 27 mm au chini yake, CAZ 22 au chini, seftriaksoni 25 au chini. Hata moja tu ikiangukia hapo, endelea. Kumbuka kuwa namba hizi ni za kuchuja. Hazisemi kuwa mgonjwa ana usugu.

Hatua za ESBL

1. Toa diski jokofuni mapema. Kichupa kikae juu ya benchi kikiwa kimefungwa saa moja hadi mbili, ndipo ukifungue. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa hali ya hewa yetu ndiyo inayoua kipimo. Mwezi wa tatu hapa Tanga hewa ni nzito kiasi kwamba kichupa kikitoka kwenye baridi kinatoa jasho kama chupa ya soda. Fungua wakati huo uone: unyevu unaingia ndani, diski ya juu inabadilika rangi ukingoni kidogo tu, kama karatasi iliyoguswa na kidole chenye maji. Klavulaniki haiupendi unyevu. Diski hiyo bado inaandikwa 30/10, lakini ile 10 imekwenda.

2. Kagua sahani. Uso usiwe na matone. Kukiwa na umande, ziache zimefunikwa nusu ndani ya inkubeta kwa dakika 10 hadi 30. Usizipepee kwa feni. Feni inaleta vumbi na spora za ukungu.

3. Andika nyuma ya sahani, kwenye agari, kamwe si kwenye kifuniko. Vifuniko huhama.

4. Gusa makoloni matatu hadi matano yanayofanana na uyayeyushe kwenye salaini. Linganisha na McFarland ukiwa na kadi nyeupe yenye mistari myeusi nyuma ya mirija yote miwili, kwenye mwanga. Mistari ionekane kwa ufifi ule ule. Ikizidi, ongeza salaini. Ikipungua, ongeza koloni. Hapa ndipo zoni yako inapotofautiana na ya mwenzako: ukungu mzito unakupa zoni ndogo, ukungu mwepesi unakupa zoni kubwa ya uongo.

5. Ndani ya dakika 15 tangu ulipomaliza kulinganisha, chovya swabu, ikamue kwa kuizungusha ukutani mwa mrija juu ya maji, kisha paka sahani nzima. Paka mara tatu, kila mara ukigeuza sahani nyuzi 60, na umalizie kwa kuzungusha ukingoni. Subiri dakika 3 hadi 5 ikauke. Isizidi 15.

6. Panga diski. Mbili za peke yake kushoto, mbili zenye klavulaniki kulia, kila moja ikitazamana na mwenzake. Kutoka kitovu hadi kitovu zisikaribiane chini ya 24 mm, ila mimi hulenga 30 na zaidi, kwa sababu klavulaniki ikisogea hadi kwa jirani inaipanua zoni isiyotakiwa kupanuka na tofauti inapungua. Bonyeza kila diski kidogo kwa koleo. Ikishagusa agari, imekaa. Usiihamishe hata kama umeiweka kombo, kwa sababu dawa inaanza kusambaa papo hapo.

7. Geuza sahani juu chini, ziingie inkubeta ndani ya dakika 15, 35 °C, saa 16 hadi 18. Usirundike zaidi ya tano, maana za katikati huchelewa kupata joto. Ukiitwa chai katikati ya hatua ya 5 na ya 7, chai ingoje.

8. Soma. Shika sahani ikiwa imeinamishwa juu ya kitambaa cheusi, mwanga utoke juu, pima kwa nyuma kupitia katikati ya diski. Kipenyo chote, diski ikiwemo. Diski yenyewe ni 6 mm, kwa hiyo pasipo na zoni kabisa andika 6, usiandike sifuri.

9. Toa. Zoni ya dawa yenye klavulaniki ukiondoa zoni ya dawa ile ile peke yake. Tofauti ikifika 5 mm au zaidi kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili, ESBL ipo.

Mfano: CTX 12, CTX na klavulaniki 24, tofauti 12. CAZ 17, CAZ na klavulaniki 20, tofauti 3. Hii ni chanya. Wengi hukwama hapa wakidhani lazima zote mbili zifike 5. Hapana. Vimeng'enya vya kundi la CTX-M hupenda zaidi sefotaksimu, na jina lake lenyewe linakuambia. Ndiyo sababu tunaweka dawa mbili: kimoja kisipoonekana huku, kitaonekana kule.

Kabla ya kuamini namba hiyo, tazama kontroli. Kwa ATCC 700603 tofauti iwe 5 mm au zaidi upande wa seftazidimu, na 3 mm au zaidi upande wa sefotaksimu. Kwa ATCC 25922 isizidi 2 mm, na zoni zake zenyewe ziwe 29–35 kwa CTX na 25–32 kwa CAZ. Kontroli ikikataa, siku hiyo huna majibu.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Katika maabara moja niliyofanya kazi zamani, zilipita karibu wiki tatu bila ESBL hata moja. Tukajisifu kuwa wodi imesafika. Kumbe jokofu lilikuwa likizima na umeme usiku, diski za klavulaniki zimekufa, na kontroli nilikuwa siiweki kwa sababu "naijua." Siku nilipoiweka tofauti ilikuwa 2 mm. Nilikaa na daftari mchana kutwa nikipiga simu wodini, jina baada ya jina, na wawili kati yao walikuwa wameshatibiwa kwa majibu yangu.

Usipopata diski za klavulaniki

Njia ya kwanza: dondoshea 10 µl za klavulaniki yenye 1 mg/ml juu ya diski ya kawaida ya CTX na ya CAZ. Hiyo inakupa 10 µg kamili. Acha kama nusu saa inywe na ikauke, itumike ndani ya saa moja. Usitengeneze za kesho.

Njia ya pili ni ya macho. Weka amoksilini na klavulaniki 20/10 µg katikati, kisha CTX na CAZ pembeni yake, kitovu kwa kitovu 20 mm. Zoni ya sefalosporini ikivutwa kuelekea katikati, ikafanya umbo kama tundu la kufuli la kizamani, kuna ESBL. Ni nzuri na rahisi, na mimi huiweka pembeni hata nikiwa na diski zote. Lakini isipoonyesha kitu, usiandike hasi papo hapo. Rudia ukisogeza diski, 15 au 30 mm.

Meropenemu ikigoma: hatua za mCIM

Ukipata zoni ya meropenemu 22 mm au chini kwa E. coli au Klebsiella, usikimbilie kuandika karbapenemasi. Bakteria anaweza kugoma kwa kufunga milango ya ukuta wake tu, bila kimeng'enya cha kukata meropenemu. mCIM inauliza swali moja: je, hawa vimelea wanaila meropenemu?

1. Chukua kitanzi cha 1 µl kilichojaa vimelea kutoka agari ya damu, weka ndani ya ml 2 za TSB (mchuzi wa kuoteshea vimelea). Kwa Pseudomonas aeruginosa tumia kitanzi cha 10 µl. Tikisa kwa vorteksi sekunde 10 hadi 15.

2. Tumbukiza diski moja ya meropenemu 10 µg, izame yote.

3. Inkubeta 35 °C, saa 4, ukikosea iwe dakika 15 tu mbele au nyuma. Weka saa ya simu ikuite.

4. Saa nne zikikaribia kuisha, paka sahani ya Mueller-Hinton kwa E. coli ATCC 25922 ya McFarland 0.5. Huyu ndiye shahidi wetu. Usimpake asubuhi ukamwacha akingoja.

5. Toa diski kwa kitanzi cha 10 µl. Iburuze ukutani mwa mrija mpaka maji yaishe, kisha iweke juu ya sahani. Diski ikiingia imelowa, zoni inachafuka na huwezi kupima.

6. Inkubeta tena, saa 18 hadi 24.

7. Soma. Zoni ya 6 hadi 15 mm ni chanya: meropenemu imeliwa, shahidi ameota hadi karibu na diski. Zoni ya 16 hadi 18 yenye vikoloni vidogo ndani, chanya pia. Zoni safi ya 19 na zaidi, hasi. Ya 16 hadi 18 isiyo na vikoloni, au ya 19 na zaidi yenye vikoloni, haina uamuzi. Rudia, na hakikisha vimelea havijachanganyika.

Kontroli hapa ni K. pneumoniae ATCC BAA-1705 kwa chanya na ATCC BAA-1706 kwa hasi.

Ukitaka kujua aina, andaa mrija wa pili sambamba, wenye kila kitu kile kile pamoja na 20 µl za EDTA ya 0.5 M. EDTA inanyang'anya zinki. Zoni ya mrija huo ikizidi ya kwanza kwa 5 mm au zaidi, una kimeng'enya kinachotegemea zinki, kama NDM, yule aliyegunduliwa mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi. Isipozidi 4 mm, ni wa kundi la akina KPC au OXA-48, wasiotegemea zinki. Mrija wa EDTA husomwa tu kama wa kwanza ni chanya, na vile vikoloni vidogo ndani ya zoni yake havihesabiwi.

Staphylococcus aureus na penisilini

Hapa huhitaji kununua kitu. Diski ya penisilini ya yuniti 10, zoni ikiwa 29 mm au zaidi, usiandike "inatibika" bado. Tazama ukingo. Vimelea vikisimama ghafla kama ukuta, beta-laktamasi ipo, andika sugu. Ukingo ukififia taratibu kama maji yanavyopwa ufukweni Raskazone, haipo.

Mambo yakikwama

*Diski zote nne zina 6 mm.* Hujathibitisha kwamba ESBL haipo. Huenda kuna AmpC, kimeng'enya kisichonasa kwa klavulaniki, kinachoficha ESBL nyuma yake. Weka sefoksitini 30 µg: ikiwa chini ya 18 mm, shaka inaongezeka. Jaribu kwa sefepimu peke yake na sefepimu pamoja na klavulaniki, kwa sababu AmpC hushindwa kuikata sefepimu. Na meropenemu uitazame upya.

*Tofauti ni 4 mm.* Usiivute rula ifike 5. Rudia kwa diski mpya na ukungu mpya, mtu mwingine asome bila kuambiwa namba yako.

*Kuna makoloni ndani ya zoni.* Chukua moja, otesha, piga rangi ya Gram. Mara nyingi ni mkojo uliochanganyika.

*Proteus ametambaa ndani ya zoni kama ukungu wa dirishani.* Puuza utando huo mwembamba, pima ukingo ulio wazi.

*Zoni zimeungana.* Diski zilikaribiana. Rudia, usikisie.

*Kontroli 700603 imeanza kuonekana kama haina ESBL, na diski ni mpya.* Imepoteza plasmidi yake, kile kipande cha DNA kinachobeba ESBL. Huyu hufanya hivyo akioteshwa kutoka sahani hadi sahani miezi na miezi. Toa akiba mpya kwenye friza ya −60 °C au baridi zaidi, na usiendeleze mfululizo mmoja zaidi ya inavyoelekezwa.

*Zoni zote ni kubwa, hata za kontroli.* Agari nyembamba au ukungu mwepesi. *Zote ndogo:* agari nene, ukungu mzito, au diski zimechoka. Pima kina cha agari kwa rula kabla ya kulaumu diski.

Cha kumwandikia daktari

Tangu CLSI iliposhusha mipaka ya sefalosporini mwaka 2010, jibu la dawa unaliandika jinsi zoni ilivyosoma, na ESBL unaiandika kwa ajili ya wodi kuzuia maambukizi yasisambae. Kama maabara yako bado inatumia jedwali la zamani, chanya ya ESBL maana yake penisilini, sefalosporini na aztreonamu zote zinaandikwa sugu hata kama zoni inang'aa. Jua uko wapi kati ya hayo mawili. Usichanganye.

Na mCIM ikiwa chanya, karatasi peke yake haitoshi. Juzi kijana mmoja aliniambia, "Shikamoo mwalimu, ile ya wodi ya wanaume nimeshaiweka kwenye trei." Nikamwambia marahaba, sasa toka kwenye trei, piga simu, uandike kwenye daftari umeongea na nani na saa ngapi. Kisha hifadhi vimelea kwenye gliseroli kabla sahani haijatupwa, maana maabara ya rufaa itakuomba. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini sahani hizi hazitoki nje ya mlango mpaka zimepita otoklevu, 121 °C, na utepe umebadilika rangi.